Taulo kwenye Mlango wa Kumi na Mbili

Wenzake wote melini walimwita Dada Taulo, na hata mumewe, fundi viatu, alikuwa mbioni kulisahau jina alilomwoa nalo. Kwa miaka kumi na tisa alitandika vitanda vya abiria, na kazi aliifanya kwa mtindo wake: kwanza anapita ukumbi mzima akitundika taulo safi kwenye vitasa, ndipo anarudi mwanzo kufungua chumba kimoja kimoja. Msimamizi alichoka kumkemea, maana vyumba vyake viling'aa.

Shida ni kwamba siku ya hatari taulo kwenye kitasa ilikuwa na maana nyingine kabisa: chumba kimekaguliwa, hakina mtu, usipoteze muda kukifungua.

Asubuhi ile meli ilipogonga mwamba ikaanza kulala ubavu, Dada Taulo aliambiwa akague ukumbi wa chini. Akili ilikuwa imeruka, mikono ikafanya ilichozoea: ikatundika taulo mlango hadi mlango, kumi na mbili. Akarudi mwanzo, akawa anafungua, anapiga kelele, anatoa watu. Alipomaliza cha kumi na moja maji yalimfika vifundoni, taa zikazimika, naye akatoka nduki. Alijikuta juu hajui ngazi amezipandaje.

"Chini vipi?" msimamizi akauliza.

Baharia mmoja akamwahi kujibu. "Hakuna mtu, bosi. Nimechungulia, milango yote ina taulo."

"Haya dada, ingia kwenye boti."

Akaingia, akakaa. Chumba cha kumi na mbili alikuwemo bibi mmoja mgonjwa wa miguu, anayesafiri peke yake. Hilo alilijua yeye tu. Alitaka kuishi, tena alitaka sana, na kunyamaza kulikuwa rahisi mno, kwani boti ilibakiza kushushwa tu.

"Bosi, cha kumi na mbili sijakifungua," akasema.

"Si kina taulo?"

"Niliitundika kabla. Nimezoea hivyo."

Msimamizi akamkodolea macho. "Harudi mtu chini. Umenisikia?"

Alimsikia vizuri, akashuka. Alishuka roho mkononi, analia waziwazi, ameng'ang'ania reli, maji yakimpanda magotini, kisha mapajani. Alijikojolea pia, na baadaye hakuona haya kulisimulia hilo. Mlango ulikuwa umebana. Akausukuma kwa bega mara nne, tano, mpaka ukaachia.

Bibi alikuwa juu ya kitanda, amekumbatia mto uliolowa.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani ndiyo basi."

Dada Taulo akambeba mgongoni, wakapanda ngazi iliyoinama, wote wawili wakitetemeka hivi kwamba hakuna aliyejua ni nani anayemtikisa mwenzake. Boti ilikuwa bado inawasubiri.

Walipokuwa tayari majini, bibi alimshika mkono akagoma kumwachia, akawaambia watu wote waliokaa pale: "Huyu ndiye aliyenikumbuka. Kuna mwenzake alifika kwanza. Nilikiona kitasa kikicheza, nikaita, nikaita, naye akaenda zake. Mungu atamlipa yule."

Msimamizi akageuka kutazama upande mwingine. Dada Taulo akautazama mkono wake ulioshikwa, uleule uliotundika taulo kwenye kitasa kile. Bibi akauinua mkono ule, akaubusu.