Farasi Ni Wangu, Nyuso Si Zangu

Nimemwona mtu akiapa kwamba kazi ni yake, kisha akaikana kabla kahawa yake haijapoa.

Ilikuwa hapa Anadarko, Oklahoma. Tulikuwa waamuzi wawili, mimi na Bi Delphine Toyebo, Mkiowa, mmoja wa wenyeji asilia wa nchi hii, tukikagua michoro ya vitabu vya zamani vya katuni za makauboi. Makumbusho yalitaka jina moja la kuandika ukutani: la mchoraji.

Enzi zile kampuni haikuruhusu sahihi. Mmoja alichora kwa penseli, mwingine akapita juu kwa wino, kisha penseli ikafutwa.

Na mwenye penseli akafutika nayo.

Thurman Haldane, mtu wa wino, aliingia kifua mbele.

"Kila mstari humu ni wangu. Penseli na wino."

Verna Kittrell, bibi aliyefanya naye kazi miaka mingi, akaguna. "Wewe Thurman? Farasi wako hufanana na sofa!"

"Nyamaza, mama. Kazi yako ilikuwa kuchonga penseli."

Damu ilinichemka. Bwenini kwetu, enzi nikichunga ng'ombe, mwongo hakukaribishwa mezani. Niliwatazama farasi wale: shingo zimelowa jasho, kwato zinatimua changarawe. Aliyewachora aliwapenda. Lakini hasira si ushahidi.

Bi Delphine akafunua ukurasa mwingine. Humo Wakiowa wamechorwa na meno ya mbwa, macho ya wendawazimu.

"Na huyu, bwana? Amevaa kama babu yangu. Mstari wako pia?"

Haldane akausukuma ukurasa kando. "Aa… hizo nyuso, dada, ni za Verna. Penseli ilikuwa yake. Mimi nilipitisha wino tu."

"Penseli ya nani?" nilifoka.

Kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Nikamgeukia Verna, nikidhani naye atazikana nyuso hizo. Nani angemlaumu?

"Ni zangu," alisema, akimkazia macho Bi Delphine. "Farasi ni wangu, na nyuso hizo ni zangu. Niliamriwa, nikachora. Ningeweza kukataa, sikukataa. Msiponiandika, mtakuwa na haki."

Bi Delphine hakumpa mkono. Aliniambia kwa sauti kavu: "Liandike jina lake. Na ukurasa huu utundikwe chini yake, kila anayepita auone."

"Utundikwe," Verna alijibu.

Haldane alitoka bila kuaga. Mpaka leo, nikimkumbuka, ngumi hujikunja yenyewe.

Ndugu msomaji, ukidai sifa ya kazi, beba na aibu yake. Huwezi? Basi ondoa mikono yako.