Tarakimu Kumi za Kofia ya Mwalimu Talib

Bi Nassra anashona kofia za viua, zile zenye nakshi za vitundu vya sindano, tangu alipoachishwa skuli kidato cha pili ili aolewe. Anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, na wateja wake wakitaka maandishi kwenye kofia, huwa ni majina. Kwa hivyo alishangaa jirani yake, Mwalimu Talib, mstaafu aliyesomesha hesabu, alipomletea kikaratasi kilichoandikwa 3816547290, akitaka tarakimu hizo ziizunguke kofia yake.

"Simu ya nani hii, Mwalimu, isiyoanza na sifuri?"

"Si simu. Tarakimu zote kumi zimo, kila moja mara moja. Chukua mbili za mwanzo, thelathini na nane: inagawika kwa mbili. Tatu za mwanzo zinagawika kwa tatu, nne kwa nne, hivyo hivyo mpaka kumi. Na haipo nyengine kama hii."

Alipoondoka, Bi Nassra akaweka sindano akatafuta kalamu. Skuli alikuwa hodari wa kugawa. 381 kwa tatu, 127. 3816 kwa nne, 954. Kwenye saba alitegemea itakwama, lakini 3816547 ikatoa 545221, hakikubaki kitu. Akarudia mara mbili, akidhani kakosea. Nane ikapita, tisa ikapita. Akabaki kaduwaa, hajui afurahi au aogope.

Ile "haipo nyengine" ndiyo iliyomkera. Akaanza kutafuta yake. Sifuri aliiona lazima ikae mwisho, na tano lazima iwe ya tano. Zaidi ya hapo alikuwa anapapasa tu. 9876543210 ilikwenda vizuri mpaka sita, saba ikaacha baki ya tano. Siku ya tatu akapata 1472583690. Saba ikakubali. Wali jikoni ukaungua asisikie harufu. Nane ikaacha baki ya nne.

Kesho yake akabisha kwa Mwalimu Talib, kikaratasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kofia sijaigusa. Nambie kwanza, nani kaipanga namba hii?"

"Marahaba. Hakuna aliyeipanga, Bi Nassra. Watu wameikuta tu."

"Wameikuta wapi?"

"Hilo nami sijui. Kwamba ni moja tu naweza kukuthibitishia, tukikaa na daftari. Kwa nini iwe moja, isiwe tatu au isiwepo kabisa, sijui. Nimesomesha miaka thelathini na moja."

Bi Nassra alikuja akitaka jawabu, na sasa swali limekuwa kubwa zaidi. Lakini kutoelewa pamoja na Mwalimu hakukumuuma kama kutoelewa peke yake.

"Basi lete hilo daftari," akasema, akavuta kiti.

Kofia ilichelewa wiki mbili.