Chumvi Kidogo, Maji ya Kutosha

Nguruwe wangu wa kwanza alikuwa wa karatasi. Nilimchora chuoni, mwaka wa mwisho wa stashahada ya mifugo, na mwalimu akatukataza kumwita nguruwe. Tumwite modeli. Alikuwa mstari tu, unaoanza chini kushoto siku anapoachishwa kunyonya, unapanda kulia hadi siku ya kuchinjwa. Chini ya mstari kulikuwa na jedwali. Akiwa na kilo ishirini anahitaji nishati kiasi hiki, protini kiasi hiki, laisini, chokaa, fosforasi. Akifika arobaini, punguza protini, ongeza nishati. Akifika sitini, geuza tena. Nilimpenda yule nguruwe. Hakuugua, hakunuka, na kila ulichompa alikigeuza nyama bila ubishi.

Niliporudi nyumbani Genkuru nikiwa na cheti na bila kazi, dhahabu ilikuwa imeshamchukua kila mwenye mikono. Watu waliokuwa wakilima mtama sasa walikuwa wanaponda mawe. Kaka yangu, ambaye ndiye mtoto pekee wa kiume wa baba yetu, alikuwa anashuka kwa kamba kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, kila siku isipokuwa Jumapili. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alibaki na ng'ombe wanne na hofu moja: kwamba ipo siku watu wataingia uani kwetu bila kusalimia, na yeye atajua wamebeba habari gani.

Kwa hiyo hakuniambia nitafute kazi. Nilipomwamkia shikamoo siku ile ya kwanza, aliitikia, akanitazama na begi langu la vitabu, akasema, "Umesomea wanyama. Basi tafuta mnyama atakayemtoa kaka yako shimoni."

Ng'ombe asingeweza. Ng'ombe anakua polepole, na ng'ombe wetu walikuwa wa mahari na wa heshima, si wa haraka. Kuku wangekufa kwa kideri. Nikasema nguruwe. Baba alitema mate pembeni. Kwa Mkurya wa umri wake nguruwe hakuwa mfugo, alikuwa aibu yenye miguu minne. Lakini kitimoto kilikuwa kinaliwa machimboni kama hakuna kesho, na mchoma nyama mmoja wa Nyamisangura, mjini Tarime, alishaniambia kwamba nikimletea wa kilo tisini atachukua wote, na atachukua tena na tena. Baba akafikiri siku mbili, kisha akaenda mwenyewe kukata miti ya banda.

Tukaleta watoto sita wa nguruwe. Nikamwita kaka, nikamfungulia daftari na kumwonyesha mstari. Nikamwambia wakifika hapa juu, hawa sita wanatoka, wengine wanaingia, na kazi ya banda itakuwa yake, ya kudumu, juu ya ardhi. Alicheka sana. Aliniita daktari wa nguruwe. Lakini aliuliza maswali ya mtu anayetaka kuamini. Mstari unajuaje? Nani aliuambia? Nikamweleza kwamba unapima mnyama wa leo, unakisia wa wiki ijayo, kisha unampa chakula cha yule wa wiki ijayo, si cha huyu unayemwona. Halafu akasema, "Sawa. Wakifika tisini natoka. Mbele ya baba nasema, natoka."

Hatukuwa na mzani. Nilipima kwa tepu ya fundi cherehani: mzingo wa kifua, urefu wa mgongo, kisha hesabu. Baba alikuwa akisimama mlangoni mwa banda akinikebehi. "Unawashonea suti? Huyu mnene mpe kola pana." Laisini hakuna anayeiuza kijijini kwetu, kwa hiyo niliitafuta ndani ya dagaa. Protini niliitafuta kwenye mashudu ya alizeti, nishati kwenye pumba za mahindi. Kila kitu nilikigeuza kuwa vikopo, maana baba hakuwa na haja ya gramu. Nikamwandikia kwa herufi kubwa, nikabandika ukutani: pumba vikopo sita, mashudu vikopo viwili, dagaa nusu kikopo, chokaa kijiko. Mistari miwili tu haikuwa na namba. Mmoja ulisema: chumvi kidogo. Mwingine ulisema: maji ya kutosha.

Ndivyo vitabu vinavyosema. Nenda kavifungue. Wataalamu wanaobishana kurasa kumi juu ya laisini, wakifika kwenye maji wanaandika "ya kutosha" na kwenda kulala.

Wiki za kwanza nguruwe wetu walitembea chini ya mstari. Wiki ya nane waliugusa. Wiki ya kumi na mbili waliupita, na kaka, aliyekuja Jumapili akiwa bado na vumbi la mawe kwenye nyusi, aliweka kidole kwenye nukta yangu mpya na kukifuata hadi mwisho wa ukurasa. "Huyu wako wa karatasi ameachwa nyuma na wa bandani," alisema. Baba, ambaye hadi siku ile hakuwa amemgusa nguruwe hata mmoja, aliingia ndani akamkuna mmoja mgongoni. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya Jumapili ile. Nasema wazi kwamba ilikuwa pia furaha ya majivuno. Nilikuwa nimeshindana na shimo kwa kalamu na penseli, na nilikuwa nashinda.

Zikabaki wiki mbili. Kaka akaenda kuwaaga wenzake wa duara. Nafasi kwenye duara zuri haikai wazi. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeshapata mtu, na yeye alikuja kutuambia akicheka, akisema, "Nimeshafukuzwa. Wewe daktari ndiye mwajiri wangu sasa."

Wiki ile nilikwenda Tarime kupatana na mchoma nyama na kutafuta mashudu, maana ya kijijini yalikuwa yameisha. Kaka alikwenda Nyanungu kwa wajomba kuomba mabati ya kupanulia banda. Nguruwe nikamwachia baba kwa siku nne. Karatasi ilikuwa ukutani. Nini kingeharibika?

Ilikuwa kiangazi. Kijito chetu kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya waoshaji wa mchanga wa dhahabu waliokijaza juu hadi chini, na maji safi yalikuwa yanatoka mbali, kwenye madumu mgongoni mwa punda. Baba aliona nguruwe wanafukua udongo na kuula. Mchungaji yeyote wa kwetu anajua maana ya mnyama anayekula udongo: ana hamu ya chumvi. Baba amechunga tangu akiwa mdogo. Anajua kiganja kimoja cha chumvi kinavyomwita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Akasoma ukutani, chumvi kidogo, na kidogo kwa mtu wa ng'ombe ni kiganja. Kiganja kwa kila mnyama, asubuhi na jioni, ndani ya pumba zenye dagaa ambao tayari walikuwa na chumvi yao. Na maji akayatoa kama yanavyotolewa kwa ng'ombe wakati wa kiangazi: mara moja kwa siku, ndoo mbili kwa wote sita. Kwa akili ya malisho yetu, hayo yalikuwa maji ya kutosha. Hakufanya uzembe wowote. Alifanya kila kitu kwa upendo, na alikifanya vizuri mno.

Nilirudi mchana wa siku ya nne. Alinipokea njiani akiwa amechangamka. "Wamekula hadi wanaramba kihori, mwanangu. Wewe ulikuwa unawanyima chumvi."

Nilifika bandani mbele yake. Mmoja alikuwa anazunguka, anazunguka, upande mmoja tu. Wawili walikuwa wamesukumiza paji la uso ukutani kana kwamba wanataka kuuangusha. Mwingine alikaa kitako kama mbwa, pua juu, anatetemeka kwa vipindi, anatulia, anatetemeka tena. Chombo cha maji kilikuwa kikavu. Sikufikiri. Nilikimbia kwa mwenye punda, nikachukua madumu yote aliyokuwa nayo, nikajaza chombo hadi kikafurika. Wakanywa. Nakumbuka nilifurahi nilipoona wanakunywa, nikakaa kwenye kizingiti na kusema asante Mungu.

Kabla jua halijazama wanne walikuwa wamekufa, miguu ikipiga teke hewani. Wawili waliobaki walikufa asubuhi, wakati baba amekwenda kuwafungulia ng'ombe.

Nilikwangua makombo yaliyoganda kwenye pembe za kihori nikaonja. Yalikuwa machungu kwa chumvi. Kisha nikaenda kwenye begi langu, nikatoa daftari la magonjwa, na nikaikuta sentensi ile kwa mwandiko wangu mwenyewe, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu: mnyama aliyepungukiwa maji na kuzidishiwa chumvi apewe maji kidogo kidogo, kwani akinywa mengi kwa mkupuo ubongo utavimba. Iliulizwa kwenye mtihani. Nilipata.

Baba aliporudi alisimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba, "Ni nini hiki? Ni mimi?"

Nikamwambia, "Hapana, tata. Ni homa ya nguruwe. Imeingia, haina dawa."

Nilidanganya kwa sababu nilimwona uso. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Ningemwambia chumvi, angeniuliza kwa nini sikuandika namba, mimi niliyeandika namba za kila kitu. Na angeniuliza nani aliwapa maji yale mengi. Kwa hiyo nikaosha kihori kwa majivu hadi kikawa hakina ladha ya kitu chochote. Ile karatasi ya ukutani nikaibandua na kuichoma jikoni. Mama mmoja jirani, mwenye nguruwe wawili, aliposikia homa imeingia kwetu, aliwachinja wake siku ileile wakiwa bado wadogo, na nilimwona akilia huku anakata. Sikusema neno.

Kaka alirudi na mabati kichwani. Aliyatua chini taratibu, yasipige kelele, kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alichimba peke yake shimo la kuwazika nguruwe, na kwa mara ya kwanza nilimwona anavyofanya kazi yake: haraka, kuta zimenyooka, pembe safi, udongo anautupa mbali usirudi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ugonjwa ni ugonjwa, daktari. Tutaanza tena." Nikamwambia tuanze na wawili. Akasema ndiyo, lakini kwanza atarudi kule kidogo, kidogo tu, hadi tupate pa kuanzia.

Nafasi yake kwenye duara lake ilikuwa imekwenda. Akapata nyingine, kwenye duara la zamani ambalo wengine walikuwa wameliacha kwa sababu miti ya kuzuia kuta ilikuwa imeoza. Alituambia wanaibadilisha. Labda walikuwa wanaibadilisha kweli.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Jumapili mbili alikuja nyumbani, tukakaa sote watatu, tukala. Ningeweza kusema haikuwa homa, banda letu ni salama, tulete wengine hata kesho. Lakini nilishasema homa, na baada ya homa banda hukaa tupu miezi mingi, kila mfugaji anajua hilo. Ningeleta nguruwe mapema, baba angejua. Nikaacha banda likiwa tupu ili uongo wangu usimame, na kaka akaendelea kushuka.

Mvua za kwanza zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne watu waliingia uani kwetu bila kusalimia. Baba alikuwa anakamua. Aliwaona, akaendelea kukamua hadi chuchu ikatoa hewa.

Walichimba siku mbili. Walimpata yeye na mwenzake wa Serengeti, wamekaa bega kwa bega, wamejaa udongo. Ndugu zetu wa upande wa Kenya walivuka Sirari kuja kuzika. Baada ya maziko shangazi, dada yake baba, alikaa naye uani. Akamuuliza ilikuwaje kijana aliyekuwa ameshaacha machimbo akarudi huko tena, maana habari walizopata kule ni kwamba ameshatoka.

"Alikuwa ametoka," baba alisema. "Alikuwa ametoka kabisa. Ni ule ugonjwa wa nguruwe. Ndio ulimuua mwanangu, si shimo."

"Ugonjwa gani huo unaua sita kwa siku moja?" shangazi akauliza.

Baba akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yametulia, macho ya mtu aliyepata pa kuweka uchungu wake. "Mtajie shangazi yako jina lake," aliniambia. "Wewe ndiye umesoma."

Nikalitaja tena: homa ya nguruwe.