Kalamu ya Rangi Nne

Kalamu ya rangi nne ina sauti yake. Ukibonyeza rangi moja, ile iliyokuwa chini inaruka juu: tak. Juzi nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba yetu hapa Kirotshe, nachagua maharage, mabovu huku na mazima kule, nikaisikia hiyo tak nje ya uzio. Kabla sijaona uso wa mtu nilijua ni mtu wa kuandika watu. Mikono yangu ikasimama ndani ya ungo.

Mimi ni muuza maharage. Naitwa Faida, jina ambalo wateja wangu wanasema ningelificha kwanza, halafu ndipo nitaje bei. Sokoni wananijua kwa jambo moja: kila kitu nakihesabu mara mbili. Wanadhani ni ujanja wa biashara, nami nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu mtu akikuogopa hapunguzi bei sana. Lakini nyinyi mnaonisoma hamninunulii kitu, basi nitawaambia nilikoitoa tabia hiyo.

Nilizaliwa juu ya kilima kinachoitwa Kabingo, mwendo wa nusu asubuhi kutoka Kalembe, pale Masisi inapokwisha na Walikale inapoanza. Wazee walisema kwanza palikuwa msitu. Halafu akaja mzungu mwenye ng'ombe, akaenda zake, akatuachia birika la saruji ambalo ng'ombe waliendelea kunywea bila kuuliza lilikuwa la nani. Halafu wakaja babu zetu na majembe, na familia za wafugaji wakakaa upande wa juu penye majani. Maharage chini, maziwa juu, kanisa katikati.

Tulichokosa ni serikali. Si kwamba haikuwepo. Ilikuwa mbili, na zote mbali. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, wa upande wa juu alituhesabu kuwa watu wake siku ya salongo, yaani siku ya kulima barabara bila malipo. Siku ya shida alisema sisi ni wa chini. Kapita wa chini naye alikuwa na hekima hiyohiyo, ila kinyume. Riziki, mkubwa wa wadogo zangu wawili, alipelekwa kuandikishwa akiwa na majuma mawili. Ofisi ya kwanza ikasema nendeni ya pili, ya pili ikasema rudini ya kwanza. Alipoandikwa alikuwa anatembea mwenyewe, na akaingia ofisini kwa miguu yake.

Ndiyo maana wanaume wa Kabingo walitaka tuwe lokalite yetu wenyewe, kijiji kinachotambuliwa, na kapita wetu, na kashe, ule muhuri wa wino wa zambarau. Papa yangu ndiye aliyekuwa mbele. Alizungumzia kashe jinsi wengine wanavyozungumzia ng'ombe mwenye mimba. Ofisi ikajibu: leteni nyumba hamsini.

Tulihesabu, tukapata arobaini na nane. Tukarudia, arobaini na nane. Basi mzee mmoja mjane, aliyekuwa akiishi kwa binti yake, akahamishiwa jikoni mwa kanisa na mkeka wake na kuku wawili: arobaini na tisa. Ya hamsini ilipatikana kwa harusi. Kijana mmoja alikuwa anabishania mahari mwaka mzima. Wakampunguzia mbuzi mmoja ili aoe kabla ya siku ya hesabu. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona serikali ni kitu kizuri, kwa kuwa inashusha bei ya wanawake. Mama hakucheka niliposema hivyo.

Mtu wa ofisi alikuja asubuhi, viatu vyake vimejaa matope, pikipiki yake ameiacha chini ya kilima. Tulimwita Papa Sekretere. Alikuwa na daftari kubwa la mistari na ile kalamu. Bluu iliandika mwenye nyumba, kijani wanawake, nyeusi watoto, nyekundu vijana wenye nguvu. Nyekundu, alieleza, ni kwa salongo tu, ya barabara na daraja. Sisi watoto tulimfuata nyumba kwa nyumba, tunaitazama kalamu kama vile ni kinyonga.

Kwetu Mama alimpa kiti na kikombe cha maziwa. Yaya yangu Bauma, yaani kaka yangu mkubwa, hakuwepo. Tangu alfajiri Mama alikuwa amemtuma shamba la mbali kung'oa mihogo, na ndani ya nyumba mihogo ilikuwa imelowekwa tayari mabeseni mawili. Niliyahesabu yale mabeseni. Sikuuliza.

"Mama, muko wangapi mu hii nyumba?"

"Tuko batano, Papa."

"Kijana iko?"

"Hapana. Batoto tu, badogo."

Kalamu ikaenda kwenye nyeusi. Papa alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwangalia, nikingoja asahihishe, maana yeye ndiye aliyetaka kila kichwa kihesabiwe. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nikadhani amesahau.

"Mama, tuko sita," nikasema. "Umesahabu Bauma."

Hata neno "umesahau" lilinitoka vibaya kwa haraka ya kusifiwa. Mama akacheka, lakini hakikuwa kicheko chake.

"Huyu mutoto, Papa, anahesabu na mbuzi."

"Bauma njo nani?" Papa Sekretere akaniuliza mimi.

"Njo yaya yangu. Iko na miaka kumi na saba. Anabebaka gunia ya maharage yeye moja."

Mtu wa ofisi akafurahi sana. Akasema huyu ni mutoto wa masomo, kuya hapa, andika wewe mwenyewe. Akaniwekea kalamu mkononi. Nikabonyeza nyekundu. Tak. Nikachora mstari mmoja kwenye safu ya vijana, umenyooka, mrefu kidogo kuliko mingine ya ukurasa ule, kwa sababu sikutaka kuiachia kalamu.

Mama hakunipiga. Hilo peke yake lingenitosha kujua. Jioni tulikuwa tunachagua maharage, akasema bila kuniangalia:

"Faida, mutu haumujue akikuuliza hesabu, hesabu mara mbili. Ya kwanza ni yako. Ya pili njo unamupatia."

Nilidhani ni kanuni ya hesabu. Siku iliyofuata niliitumia darasani, nikapata kumi juu ya kumi.

Lokalite tuliipata, na Papa akawa kapita. Mbuzi aliliwa, sala ikasaliwa, na kashe ikawekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza alinigongea daftari langu la shule, nikatembea nalo limefunguliwa ili wote waone. Salongo yetu wenyewe ilijenga daraja la magogo matatu juu ya kijito. Gogo moja alilibeba Bauma na mwenzake mmoja, wakati mengine yalibebwa na watu wanne wanne. Sijawahi kuona furaha ya serikali kupita ile, na ilidumu mpaka msimu wa kupanda maharage.

Watu wa bunduki walipopanda Kabingo hawakupiga risasi. Sitawataja, walibadilisha jina lao mara mbili mwaka ule, na sisi hatukubadilishiwa kitu. Mkubwa wao aliomba kiti, kama Papa Sekretere. Akaomba maziwa. Halafu akauliza kapita ni nani, na Papa alipojitokeza, akamwomba daftari. Nakala ilikuwa kwetu, chini ya kopo la kashe. Lilikuwa daftari safi. Papa alikuwa amelifunika kwa gazeti.

Yule mkubwa akapitisha kidole chini kwenye nyekundu, akahesabu. Akarudia.

"Nyumba makumi tano, kijana kenda?" akasema. "Bamama ba huku banazalaka mabinti tu?"

Mimi, nyuma ya mlango, nilikuwa nawahesabu vijana niliowajua: wa kwa jirani wawili, wa kwa mchungaji watatu, yule aliyepunguziwa mbuzi. Nilifika ishirini na sita kabla sijamaliza upande wa chini. Hesabu yake ilikuwa na kosa, na mimi kosa la hesabu lilinikera kama kipele. Nilifungua mdomo. Mkono wa Mama ulikuwa umeshaufunika, mkono mkavu wenye harufu ya maganda ya maharage, na ulibaki pale mpaka mwisho.

Aliita mistari kenda, nyumba kwa nyumba. Kubeba mizigo tu, akasema, siku mbili, mpaka upande wa Walikale. Papa akajaribu kupatana. Akasema mgongo wake bado una nguvu, wamchukue yeye, wamwachie mtoto.

"Wewe njo serikali," yule mkubwa akamjibu. "Bakia hapa uongoze."

Basi Papa akafanya kitu pekee ambacho serikali yetu ilijua kufanya. Akaingia ndani, akachana karatasi kwenye daftari langu, akaandika kwamba Bauma ni mtoto wa lokalite ya Kabingo, mwenye tabia njema, aachwe apite arudi kwao. Akagonga kashe. Akatazama, akagonga tena, ili ionekane vizuri. Ilikuwa barua ya kwanza kutoka ofisi yetu.

Bauma aliikunja akaitia mfuko wa shati. Alipita karibu nami akanivuta sikio.

"Niliona mustari yangu mu daftari. Iko murefu kupita ya bengine bote. Banasema njo wewe ulichora?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Iko muzuri," akasema.

Sita walirudi baada ya majuma mawili, mabega yao yamechubuka. Wa saba akarudi mvua zilipokwisha. Wa nane alituma salamu. Bauma wetu, mmoja alisema amemwona Bisie, kwenye machimbo, anashusha magunia ya mawe kutoka msituni. Mwingine akaapa alimwona Goma amevaa shati lilelile. Mama alizipokea habari zote kwa heshima sawa na hakuamini hata moja. Wakwe na majirani walipokuja kumwambia ni wakati wa kukaa matanga, aliwapikia, akawashukuru, akawasindikiza mpaka darajani.

Kabingo ilikwisha kidogo kidogo, kama gunia lililotoboka. Sisi tulitelemka mpaka huku ziwani, Papa amelibeba kopo la kashe kwa uangalifu kuliko alivyobeba sufuria. Alifia hapa. Kopo liko juu ya kabati, wino umekauka, na ndani yake kuna lokalite nzima isiyo na mtu hata mmoja. Kabla ya kufa aliniambia jambo ambalo nilikuwa nimelikimbia miaka mingi: kwamba asubuhi ile mlangoni hakuwa amesahau. Yeye na Mama walikuwa wamekubaliana usiku wake, na alikuwa anaangalia vidole vyake kwa aibu ya mtu anayetaka nyumba hamsini na hataki kutoa kijana mmoja. Mama wengine walifanya vilevile, kila mmoja kwa siri, pasipo kuambiana. Kilima kizima kilidanganya kwa sauti moja. Nyumba kenda tu zilisema kweli, na sijawahi kuuliza hizo nane nyingine nani alikuwa mtoto wa masomo.

Basi juzi shefu wa avenyu, anayesimamia nyumba za barabara yetu chini ya kartie, ule mtaa mzima, akaingia na daftari lake. Ni jirani, mtu mpole, ananunua maharage kwangu na kulipa kwa kuchelewa.

"Mama Faida, amri ya kartie. Muko wangapi?"

Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na Mama, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga tu. Binti yangu ana miaka kumi na ni wa kwanza darasani. Nilimwona akivuta pumzi. Lakini Mama, kwenye mkeka, aliwahi.

"Tuko sita."

"Wa sita njo nani, koko?" shefu akamuuliza, kwa heshima ya bibi.

"Bauma. Kijana yangu. Iko mu safari."

Binti yangu akafungua mdomo, na mkono wangu ukafika kabla ya neno. Nilisikia harufu ya maganda ya maharage. Shefu akanitazama, kalamu iko juu ya karatasi. Zamani Mama alimtoa mmoja ili abaki naye. Sasa alikuwa anamwongeza mmoja kwa sababu ileile, na mtu wa kumsahihisha alikuwa mimi tena.

Nikahesabu mara mbili, kama nilivyofundishwa. Ya kwanza nikabaki nayo.

"Sita," nikamwambia.