Preampli ya Papa Lambert na Mtihani wa Masikio

Mtaa mzima wa Mangobo hakukuwa na mtu mwenye dharau kama Papa Lambert, na mimi ninayewaambia haya si mtu wa kusifu ovyo. Wako wanaodharau maskini, wako wanaodharau wasiosoma. Yeye alidharau masikio. Ukimsalimia hakukutazama machoni, alikutazama pembeni, pale masikio yalipoota, na mdomo ukamkunjika kama mtu aliyeonja mboga ya pondu isiyo na chumvi. Kwake yeye watu wote wa Kisangani, kuanzia wakubwa wa Makiso katikati ya mji hadi vijana wa toleka wanaobeba abiria kwa baiskeli, walipewa masikio bure na hawakujua ni ya kazi gani.

Dharau hiyo hakuiokota njiani, aliifanyia kazi. Ujana wake wote uliishia katika chumba cha sauti cha redio moja pale mjini, akiwasafishia sauti watu wenye kujiona. Alipostaafu, kwaya za parokia zikajizoesha kupita kwake kabla ya kila sikukuu. Noeli ikikaribia, kwaya inasimama uani, inaimba wimbo wake mpya, naye amejaa kwenye kiti chake cha fito za kekele, macho yamefumbwa. Wimbo ukiisha, anatukana.

“Ule mama wa nyuma, anaimba ama anaita bata wake?” Au: “Ninyi wa sauti ya pili, nani aliwaambia muzaliwe?”

Watu walilia, nawaambia. Nathalie, mama aliyeongoza kwaya ya vijana, alilia kuliko wote na alirudi kuliko wote, kwa sababu matusi ya yule mzee hayakukosea. Akitukana sauti ya pili, ujue kweli ni sauti ya pili iliyoharibu. Nathalie alirudi nyumbani na kwaya yake, akanyoosha palipopinda, na siku ya sikukuu watu walisimama kwenye viti kanisani. Ndiyo maana walimwita Papa Sikio. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa.

Sasa, kitu kimoja tu duniani hakukidharau. Wakati wa vita, Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa alikimbia mji, akamwachia Lambert vyombo vyake vya muziki: mashine ya kuzungushia santuri, ampli, maspika mawili marefu, na katikati yao preampli. Msinifanyie kama Mama Chantal, mkewe, aliyeuliza miaka yote ile kisanduku kinafanya nini. Sindano ya santuri inatoa sauti nyembamba, ya kinyonge. Preampli inaipokea, inaisafisha, inaipa kipimo, ndipo inaikabidhi kwa ampli ikapige kelele. Yenyewe peke yake haitoi hata mlio. Hii ya Lambert iliundwa Ulaya kwa mikono ya watu, uso wake wa chuma kinene, vitufe vyake vinazunguka taratibu bila kukwama. Aliipangusa kwa kitambaa laini kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Kisha ukaja upepo wa mvua, ukang’oa mabati ya chumba cha kulala na kuyatupa kwa majirani. Nyumba nzima ilikuwa na bâche moja, turubai la plastiki. Mnadhani alifunika kitanda? Wee! Aliifunika preampli.

“Lambert,” Mama Chantal akasema, maji yanamtiririka kichwani, “mi natetemeka huku.”

“Weye utakauka. Ile ikilowana, imekufa.”

Mama Chantal alikunja vikwembe vyake vya kuvaa, akavitia kwenye mfuko, akauweka mfuko mlangoni. Lambert akauona ule mfuko, akajua hapa hakuna maneno tena: ama preampli itoke, ama mke atoke. Na mwingine wa kumpikia ndizi za lituma angempata wapi, na ulimi ule?

Basi akatangaza anaiuza, anunue mabati. Lakini kuuza kwake ndiko kulikuwa na vituko. Kila mtu mjini anajua kwamba chombo cha umeme hakinunuliwi bila essai: muuzaji anakiwasha, mnunuzi anakisikiliza, ndipo bei inaanza kubishaniwa. Lambert aliigeuza desturi hiyo kichwa chini. Kwake aliyepimwa alikuwa mnunuzi. Unakaa kwenye kigoda, anakuwekea santuri, kisha unaeleza umesikia nini. Ukishindwa, nenda na pesa zako.

“Siwezi kuuzisha mutoto wangu kwa kiziwi,” alisema.

Wa kwanza kuja alikuwa Franck, kijana wa kuuza simu sokoni, miwani ya jua usoni ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Alikigeuza kile kisanduku nyuma na mbele.

“Papa, Bluetooth yake iko wapi? Na tutaa twa rangi, tule twa kuwaka-waka?”

“Keti,” Lambert akasema, sauti yake imejaa sumu.

Santuri ikazunguka. Franck akatikisa kichwa, akatikisa na mguu, akamaliza kwa kupiga picha yake mwenyewe karibu na spika.

“Umesikia nini?”

“Muziki, papa.”

“Muziki! Hata mbuzi wa jirani amesikia muziki. Toka, upeleke yale masikio yako ukayatundikie heleni.”

Wa pili alikuwa mchungaji wa kanisa la maombi, suti nyeupe, shingo imeshalowa jasho. Yeye alitaka chombo cha kufanya sauti yake ifike ng’ambo ya mto mpaka Lubunga, ili wenye dhambi wa kule nao waamke. Lambert alimwambia kwamba Mungu hajawahi kuwa kiziwi, na kama ameacha kujibu, basi ni kwa kuchoshwa na kelele. Huyo hata santuri hakuwekewa. Mama Chantal alikuwa mlangoni, sufuria ya kukinga maji mikononi, akatazama suti nyeupe ikiondoka na mabati yake yakiondoka nayo. Alisonya kwa nguvu. Lambert hakugeuka.

Ndipo akaja Aïcha. Huyu alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya zamani, mwenye ukumbi wa harusi, mwanamke wa makamo, mtandio begani, hana haraka. Hakugusa kitu. Aliitazama preampli muda mrefu, akatabasamu.

“Marehemu baba yangu Yunus alikuwa na ndugu yake huyu,” akasema. “Alimununua kwa Mgiriki yule yule. Lakini wa kwetu ameharibika, na hapa hakuna pièces za kumutengenezea.”

Kwa mara ya kwanza Lambert alisogeza kigoda mwenyewe, akakipangusa. Mama Chantal akaweka sufuria chini.

Alichagua santuri ya rumba ya zamani, akateremsha sindano polepole, akaenda kuzama katika kiti chake cha kekele na kufumba macho. Muziki ukaanza. Uso wake ukalainika, ukawa uso wa mtu mwingine, mtu ambaye hata mimi ningeweza kumpenda.

“Sikiliza vizuri, mama,” akasema. “Kuume, kuko sauti ya muimbaji. Sasa ngoja kushoto. Gitaa ya pili itaingia kushoto, polepole, kama mugeni mwenye haya. Ngoja... voilà! Umemusikia? Umemusikia vile anaingia?”

Aïcha aligeuka akamtazama Mama Chantal, na Mama Chantal, macho yamemtoka, alikuwa anatikisa kichwa: usiseme, mama, nakuomba, usiseme.

Lakini mtu amekuja kununua kitu, atanyamazaje?

“Papa,” Aïcha akasema, “kushoto hakuna kitu.”

Lambert akafumbua macho. Mdomo ukakunjika, ile dharau ikarudi mahali pake, na nadhani ilikuwa na raha kurudi.

“Nilijua! Hata weye! Baba yako alinunua chombo kizuri, akasahau kukununulia masikio. Miaka yote mi nasikia ile gitaa, leo weye unaingia hapa na mutandio wako, unaniambia hakuna kitu?”

Aïcha hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. Aliinuka, akaenda kwenye spika ya kuume, akaweka kiganja juu ya kitambaa chake. Kisha akavuka hadi ya kushoto, akaweka kiganja hapo pia. Akaja kwenye kiti, akamshika mzee mkono kama unavyomshika baba yako.

“Kuja uguse, papa. Usinisikilize mimi.”

Alienda kwa hasira, kwa kutaka kumwaibisha. Spika ya kuume ilimtekenya kiganja, ilikuwa inatetemeka vizuri kabisa. Ya kushoto ilikuwa mbao. Aliikandamiza, akaweka mikono miwili, akaweka na shavu. Hakuna kitu. Muimbaji aliendelea kuimba upande wa pili.

“Toka siku gani?” Lambert akauliza. Hakumwuliza Aïcha.

Mama Chantal alijifuta mikono kwenye kikwembe, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

“Ile mwaka ya malaria yako. Ulikuwa ungali hospitali, na ile perfusion ya dawa ya kinini mushipani. Kouran ya umeme ilikatika, ikarudi na nguvu, nikasikia harufu ya kuungua ndani ya kisanduku. Wakati ulirudi, uliweka santuri, nikasema leo ataniua. Halafu ukafunga macho, ukaanza kuniambia: Chantal, sikia gitaa ya kushoto.” Akaiokota sufuria yake. “Ningesema nini? Ulikuwa unafurahi.”

Kile kinini alikikumbuka. Kilimpigia kelele masikioni siku nyingi, wii, wii, kisha kelele ikaisha, naye akajiona amepona. Toka hapo aliona watu wa mji huu wameanza kunong’ona. Aliwatukana wote kwa kunong’ona.

Sasa alifanya jambo ambalo toka ule ugonjwa hakuwahi kulifanya. Aliinua kiganja polepole, akaziba sikio la kuume. Santuri ikaondoka. Mvua ikaondoka. Aliona midomo ya Mama Chantal inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, na machozi yanafika mpaka kwenye midomo ile, na hakuna neno lililotoka. Alikaa hivyo, kiganja sikioni, mpaka mkewe akamwondoa mkono mwenyewe.

Nilisema simsifu ovyo, lakini simchukii pia. Aibu ilimshika, na ilimshika vibaya, kwa sababu alikuwa hajaizoea kama wengine wetu.

“Ichukue,” alimwambia Aïcha. “Inaimba upande mumoja tu. Utafanyia nini?”

“Pièces, papa. Nitatoa vya ndani, nivitie kwa ile ya baba.”

Pièces! Kile kitoto chake, kilichofunikwa bâche wakati mkewe analowana, kilikuwa kinakwenda kukatwa-katwa kama mbuzi wa sikukuu. Siku nyingine angemfukuza mpaka barabarani. Siku hiyo alikwenda kutafuta kitambaa laini, akaipangusa mara ya mwisho, akamfungia. Aïcha alilipa kiasi kilichotosha mabati na misumari. Hakuna aliyebishana bei.

Mabati yalipigwa, mfuko wa vikwembe ukarudi mahali pake. Na Pasaka ilipokaribia, kama ilivyo desturi, kwaya ya Nathalie ikaingia uani.

Mama Chantal alikuwa amemwomba mumewe awaambie ukweli, kwamba sikio la kushoto limekufa. Hakutaka. Alikaa kwenye kiti chake cha kekele, akafumba macho kama zamani, akawaonyesha kidole waanze. Wimbo ulikuwa mpya na mgumu, nao waliuvuruga. Sauti ya pili ilichelewa kuingia, ya kwanza ikapanda ikashindwa kushuka, na katikati mtu mmoja alikosa maneno akabaki anafungua mdomo tu. Nathalie alisikia yote hayo na masikio yakamwaka moto. Walipomaliza, walijipanga vizuri, vichwa chini, wakingoja matusi yao. Wengine walikuwa wameshaandaa leso.

Papa Lambert alifumbua macho. Aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, akitafuta kwenye nyuso zao ni nani wa kutukanwa, maana sikio lililobaki hakuliamini tena. Nyuso zote zilikuwa sawa. Mdomo ulianza kumkunjika, ukaacha.

“Muzuri,” akasema.

Vijana wa nyuma wakapiga makofi, wakakumbatiana, maana neno hilo hakuna kwaya iliyowahi kulipata. Nathalie peke yake hakupiga makofi. Alimtazama yule mzee, kisha akamtazama Mama Chantal aliyegeukia ukuta, na leso aliyoileta kwa ajili ya matusi akaitumia.