Picha za marehemu mke wangu nisizoruhusiwa kuziangalia: nilivyozihamishia kwenye kompyuta

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, nilichomeka memori kadi ya kwanza.

Wakuu habarini, na kwa walionizidi umri shikamooni. Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Mtanda, Lindi. Nayaandika yalivyokuwa.

Mke wangu, mama Salma, alikuwa mpiga picha wa shughuli za ndani.

Kwa wasio wa pwani: harusi zetu zina upande wa wanawake peke yao. Huko wanavua mitandio, wanacheza wanavyotaka. Mwanaume haingii, na picha za huko haoni. Ndiyo maana walimwita yeye, kuanzia hapa mjini hadi Kilwa Kivinje.

Huu ni mwaka wa pili tangu atangulie mbele ya haki. Ameacha kamera na kadi nne zilizojaa.

Shida yangu mnaiona. Nilitaka kumtafuta humo. Picha zake nilizonazo ni ya kitambulisho na ya siku ya nikahi, basi. Sauti yake sina kabisa.

Lakini ndani ya kadi zile wamo mabinti na mama za watu waliomwamini. Ile ni amana, na amana haizikwi na mtu.

Fundi mmoja mjini aliniambia, "Mzee wangu, niachie siku mbili. Elfu hamsini nakuhamishia zote. Zile mbovu nakufutia bure."

Kijana mwenye adabu, ila mwanaume. Nikarudi na kadi zangu.

Nikanunua card reader, kile kidude cha kuchomekea kadi kwenye kompyuta, nikajisomea taratibu. Kisha nikamwita dada yangu Somoe kutoka Kiranjeranje. Yeye na mama Salma walikuwa mawifi walioshibana.

Kwanza nilizima ile tabia ya picha kujifungua zenyewe kwenye kompyuta, na folda nikaziweka zionyeshe majina tu, bila vijipicha. Kila kadi nikaipa folda yake. Hapa muwe makini: kamera ilikuwa inaanza upya kuhesabu, kwa hiyo IMG_0001 ipo kwenye kila kadi. Ukizimwaga zote sehemu moja, kompyuta inakuuliza kama ibadilishe ya zamani kwa mpya. Ukibonyeza ndiyo kwa haraka, umepoteza harusi nzima ya mtu.

Nilinakili, sikuhamisha. Nikalinganisha idadi na ukubwa pande zote mbili. Zikalingana.

Kuanzia hapo kompyuta ikawa ya Somoe.

"Kaka, kaa kule utazame ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Una nyufa. Zihesabu, si unapenda kuhesabu."

Nilipanga tuzigawe kwa tarehe. Zikatuangusha. Betri ya kamera ikitolewa, tarehe ilikuwa inarudi mwanzo, kwa hiyo harusi zote zilionekana za siku moja. Nikakwama.

Somoe akacheka. "Tarehe za nini? Si sare hizi hapa?"

Wakuu, sikuwahi kulifikiria. Kila shughuli ina sare yake ya kanga, na wanawake wa huku hawakubali kurudia sare ya wenzao. Akawa anatazama kanga tu.

"Hii ya korosho nyekundu ni Kivinje, ile mvua ilitufukuza uani. Hii ya bluu ni hapa Mtanda, bibi harusi aligoma kula."

Mimi ukutani, yeye anaandika majina ya folda. Tulikwenda hivyo hadi adhuhuri.

Kila baada ya muda nauliza, "Mama Salma yupo?"

"Kaka, mshika kamera ataonekanaje?"

Nilikuwa nalijua jibu. Niliendelea kuuliza.

Kwenye kadi ya nne akasema, "Hii video ni mkeka tu. Alibonyeza bila kujua. Nifute?"

Tulikubaliana tangu asubuhi: zenye ukungu na zisizo na mtu, futa. Nilishafungua mdomo.

Nikasema, "Ina sauti?"

Akaongeza sauti, akasogeza sikio. Kisha akavua kanga ya mabegani, akafunika kioo cha kompyuta.

"Mwishoni anainua kamera, kuna watu. Njoo usikilize tu."

Nikasikiliza kupitia kanga.

Mama mmoja anasema, "Mama Salma, kila siku unatupiga sisi. Wewe nani anakupiga?"

Halafu yeye. Sauti ile ile, na kicheko kinachotangulia maneno.

"Ninaye mume, shoga. Ila baba Salma akinipiga tu ataniuliza nikuweke folda gani!"

Wakacheka wote.

"Mwambie, basi."

"Nitamwambia aniweke peke yangu. Nisichanganywe na maharusi."



Nikamwelekeza Somoe akate ule mwisho wenye watu, kwenye nakala, si kwenye asili. Nikageukia ukuta, akaondoa kanga akakata; alipomaliza akaniita, nikaangalia. Mkeka, sinia, na ncha ya mguu wake wa kulia wenye hina. Niliujua mguu ule.

Folda za sare ziko kwenye diski ya nje niliyokuwa nayo, nywila anaijua Somoe peke yake. Kuna folda moja kwenye kompyuta yangu, inaitwa Mama Salma. Ndani yake kuna faili moja.

Nililojifunza: usihukumu faili kwa sura. Sikiliza kwanza, ndipo ufute. Na wenye wapiga picha majumbani, waulizeni leo nani anawapiga wao.

Mwenye njia bora ya kutunza faili la aina hii lisiharibike, naomba anielekeze hapa chini. Nasoma kila jibu.

Kwa atakayeuliza gharama: card reader elfu nane. Fundi alitaka elfu hamsini, na mbovu angenifutia bure. Nimeokoa elfu arobaini na mbili.