Siku Mjomba Ervin Alipopiga Magoti

Mjomba Ervin alikuwa akiwapigilia viatu farasi wa nusu ya majirani zetu hapa Ohio, ambako watu wa kanisa letu hawaendeshi magari, husafiri kwa farasi. Miaka ishirini ya kuinama, mguu wa farasi mapajani, ilimla gegedu ya nyonga ya kulia, ule utando laini unaozuia mfupa usisage mfupa. Hospitali ya mjini wakamkata kipande cha gegedu kama punje ya hindi, wakaziotesha seli zake wiki tano, kisha wakazipandikiza palipotoboka.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Wiki nane mguu usibebe uzito, na asipige magoti. Seli zikishika, atarudi kwa farasi wake. Zikibanduka, hakuna kuotesha tena. Atawekewa nyonga ya chuma, na kazi ya kwato basi.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, ambapo watoto wote wa kanisa letu huachia shule, nikapelekwa kwake kumsaidia mkewe. Nilimvalisha soksi, nilimshikia magongo. Kwa hiyo nilijua kila kitu.

Wiki ya tatu baada ya kupandikizwa, ibada, ambayo kwetu huzunguka nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, ilikuwa kwenye karakana ya majirani zetu akina Yost. Sala ilipofika tuligeuka wote, tukapiga magoti sakafuni, nyuso kwenye mabenchi yetu. Mjomba akabaki ameketi peke yake, masikio mekundu.

Baadaye nilikuwa nikimimina kahawa meza ya vijana. Binamu yangu Vernon akasema, "Mwulizeni Ervin nani alisinzia kwenye sala. Si yeye aliyebaki juu kama bundi?"

"Mwache, ana nyonga changa," mwenzake akajibu. "Bado inanyonya."

Nikacheka. Mimi ambaye watu husema sina sauti, nilicheka hadi kahawa ikamwagika. Nilipogeuka, mjomba alikuwa nyuma yangu na magongo yake, anangoja kupita.

"Samahani, Lovina," akasema. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Ibada iliyofuata, wiki ya tano, alipiga magoti. Nilimwona kutoka upande wa wanawake akiyalaza magongo chini taratibu. Mkewe alikuwa kando yangu, ningemgusa tu mkono amzuie. Nikafumba macho. Sala ilipoisha, wanaume wawili ndio waliomwinua.

Picha ya hospitali ilionyesha kiraka kimebanduka. Askofu wetu alikuja kumuuliza ilikuwaje.

"Nilijisahau," mjomba akasema, akitazama dirishani.

Sasa ana nyonga ya chuma na anashona hatamu, ameketi kutwa. Farasi wetu anapigiliwa viatu na Vernon. Kila nikimpeleka napita mlangoni kwa mjomba, naye huinua kichwa kusikiliza mwendo wa kwato.

Wiki iliyopita niliingia. "Mjomba, siku ile ya kahawa nilicheka."

"Nilisikia." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ile ya kunyonya ilichekesha kweli."

Sikujua niweke wapi uso.

"Shika ngozi hapa," akasema. "Usilegeze."

Nikashika kwa mikono miwili, nikiangalia sindano.